Sifa za Folda Zisizopatana

Wanaolalamika katika vyumba vya kompyuta vya Makomeno, Lubumbashi, kwamba programu ileile husakinishwa mahali tofauti katika kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza mashine, hawajatambua ukarimu waliotendewa. Windows ya biti 64 huweka maktaba zake za biti 64, yaani faili za msimbo zinazotumiwa kwa pamoja na programu mbalimbali, katika folda iitwayo System32, na zile za biti 32 katika SysWOW64, mpangilio wa busara, kwa kuwa namba ya mlangoni ikiafikiana na mpangaji, wageni wataingia bila kupiga hodi. Toleo lake la Kifaransa humwonyesha mtumiaji folda ya Programmes, ambayo kwenye diski huitwa Program Files; Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville hadi 1966, hauna sababu ya kushangaa. Linux, kwa kuchukia upendeleo, huigawa programu moja: amri katika /usr/bin, mipangilio katika /etc, kumbukumbu za matukio katika /var/log. Mac hukusanya kila kitu katika kifurushi kimoja, uvivu ambao, kwa bahati njema, hufidiwa na folda ya Library, ambako mabaki hudumu hata programu ikishafutwa. Fundi anayeandika skripti moja, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha, kwa mashine zote tatu, anapaswa kushukuru, maana folda zingepatana angemaliza kazi kabla umeme haujakatika, na jioni nzima angeifanyia nini?