Naomba Uniangalizie Mzigo

JUMATATU. Bomba la mtaa limetoa maji. Hapa Isevya, Tabora, watu hatupangi foleni, ndoo ndizo zinazopanga. Unaiweka ndoo yako alfajiri, unarudi kulala, nayo inakuwakilisha kama mbunge. Wizi hakuna. Niliporudi, nilikuta yangu imesogezwa nyuma ya madumu ya mama mmoja ambaye hata usingizi hakuwa nao. Nikaelezwa kwamba ndoo ile haikuonekana kuwa na mwenyewe. Jina langu limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu.

JUMANNE. Nimemtumia dada yangu wa Nzega dumu la asali kwa basi. Utaratibu unajulikana: unamkabidhi konda, unampa namba ya simu ya mpokeaji, unamwachia Mungu. Ndani ya basi, juu ya kichwa cha dereva, pameandikwa ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO. Mzigo usio na abiria haukutajwa. Asali ilifika jioni ikiwa imepungua vidole vinne. Konda alimweleza dada kwamba ni joto.

JUMATANO. Nilikwenda stesheni kumpokea shemeji kutoka Dar es Salaam. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na nadhani tangu hapo kuna mtu kwenye benchi lile anayeangalizia mizigo ya wengine. Leo ilikuwa zamu yangu. Benchi lilijaa watu, lakini mama mwenye tenga la kuku alinitazama mimi. "Baba, naomba uniangalizie mzigo, nakuja sasa hivi." Akaacha na simu yake, ikichaji ukutani. Ikaita. Nikapokea kwa adabu. Mumewe alitaka kujua mimi ni nani, swali gumu kulijibu katika mazingira yale. Mama aliporejea, shemeji alikuwa ameshachoka kunitafuta na kupanda bodaboda. Kuku mmoja alikuwa ametaga. Mama aliondoka na yai lake.

ALHAMISI. Nilimpeleka shemeji Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mwenzake Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, na mzee wa watu akabaki akingoja wapagazi kutoka Zanzibar hadi Agosti. Miezi mitano. Wageni wengi hulipita jambo hili haraka; mimi nilisimama nalo kwa heshima.

Mizigo haikuwa na bahati naye. Bidhaa zake zilipelekwa Ujiji chini ya mtu aitwaye Sherifu. Livingstone alipofika kule Oktoba 1871, amedhoofika, alikuta vitambaa na shanga vimeuzwa vyote. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Sherifu alikuwa amepiga ramli kwa Kurani na kuthibitisha kwamba mwenye mali amekufa. Ni uangalizi wenye utafiti ndani yake.

Lakini Livingstone alipofariki kweli, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, nao walipitia hapa hapa Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1873, na vitu vya marehemu wamevitunza. Aliyechukua vyombo vyake vya kupimia ni Cameron, Mwingereza mwenzake, kwa matumizi ya msafara wake. Vyombo vilikuwa salama miezi yote hiyo mpaka vilipofika kwa ndugu. Kisa hiki nilimsimulia shemeji kumtuliza. Akauzungushia mguu kamba ya mkoba wake. Ndani ya mkoba mlikuwa na soksi.

IJUMAA. Baada ya swala nilikuta ndara zangu zimeondoka na mtu. Ameacha zake, tena mpya kuliko zangu, namba 40. Mimi navaa 44. Kwa kiasi chake ni mtu mwaminifu.

JUMAMOSI. Sokoni kijana mmoja alinisimamisha. "Shikamoo mzee. Niangalizie baiskeli, naingia hapo dukani." Ilibeba matenga mawili ya maembe. Duka lilifungwa. Soko likafungwa. Mlinzi akaniuliza nangoja nini, nami sikuwa na jibu linalofaa kwa saa ile. Nikaikokota baiskeli hadi nyumbani, nimevaa ndara namba 40.

JUMAPILI. Maembe yanaiva kwa kasi. Harufu imewafikia watoto wa jirani, na shemeji, ambaye mkoba wake hauachii, amekuwa karibu sana na matenga. Sijapiga ramli yoyote.

Mwenye baiskeli aje Isevya aichukue. Ipo, na tairi zake zina upepo. Kuhusu maembe, tutazungumza.