Utu Haukuenea Kwenye Flashi

Kompyuta yetu ya mezani tuliinunua kuukuu, ikazeeka tena mikononi mwetu. Inakaa sebuleni, hapa Ngamiani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ukiiwasha, nenda kateke maji. Ukirudi ndiyo kwanza inakukaribisha. Basi tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, nikapata kisingizio cha jambo nililolitamani siku nyingi.

Kijana wa kupiga window alitaka elfu ishirini. Nikajiambia, mwanamume mzima ninayejua kusoma, nilipe elfu ishirini kwa kazi ya kubonyeza?

Ijumaa baada ya Isha nikamwambia mke wangu, "Leo naifuta kompyuta."

"Vizuri," akajibu kutoka jikoni. "Ukimaliza, na kabati ulifute."

Nilikwisha kusoma kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo tu. Kitabu kinabaki, na mjuzi akitaka atakisoma. Dawa ni kuandika sifuri diski nzima. Mimi si mtu wa kazi nusu. Nikaiachia diski ya GB 250 ijae sifuri mwanzo hadi mwisho, nikakaa pembeni na chai yangu, najiona bingwa.

Asubuhi nikaitisha baraza: tuweke ipi? Windows 11 ilianguka mapema, maana inadai kinga iitwayo TPM 2.0, na kompyuta yetu ilizaliwa kabla ya mambo hayo. Kijana wetu wa kidato cha tatu akasema tuhamie Linux, haina malipo, akaleta majina mawili: Ubuntu na Mint.

"Ubuntu ndiyo nini?" akauliza mama mkwe, yuko mkekani anachagua mchele.

"Neno la Kizulu, Bibi. Maana yake utu."

"Na hiyo nyingine?"

"Nanaa."

"Wekeni utu. Nanaa tunayo uani."

Kijana akaenda kwa rafiki yake mwenye intaneti, akarudi kichwa chini. Ubuntu 24.04 ni faili la karibu GB 6, na flashi yetu ni ya GB 4. Mint ile nyepesi, ya Xfce, ni karibu GB 3 tu.

"Bibi, utu haukuenea kwenye flashi."

Mama mkwe akapepeta ungo wake. "Wala sishangai."

Tukaweka nanaa. Umeme ulikatika katikati, tukaanza upya. Alasiri kompyuta ikawaka hata kabla sijainuka kitini. Ndani imekuja na LibreOffice ya kuandikia. Nikaanza kumsomesha kijana: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, iliyosema Kiswahili, na hii LibreOffice ni ya ukoo huohuo. Sijamaliza, mke wangu akaingia anajifuta mikono.

"Kama inaandika, nifungulie ile orodha yangu."

"Orodha gani, mama watoto?"

"Ya waliotutuza kwenye harusi ya binti yetu."

Nikamtazama kijana, naye akatazama dari. Ilikuwa na majina zaidi ya mia: nani kaleta doti ya khanga, nani kilo za mchele, nani bahasha na ndani mna nini. Kila kilichoingia siku ile ni deni, na msimu wa harusi ulikuwa mlangoni.

"Nilikwambia naifuta," nikasema.

"Nikajua vumbi!"

Kijana akanong'ona kwamba ningefomati kwa haraka, programu kama PhotoRec huenda ingeokota kitu. Kwenye sifuri hakuna cha kuokota.

Siku tatu nilikula chakula kimya. Ya nne mke wangu akawaita wenzake, nami nikawekwa kitini niandike. Wakataja mmoja mmoja, na kila mmoja alikumbuka alichotoa hadi rangi ya pindo. Wengine walikumbuka kidogo zaidi ya walichotoa. Mke wangu akawaangalia tu, nami nikaandika.

Nilipotaka kufunga, mama mkwe akasema, "Bado jirani yetu wa nyumba ya kona."

Pakawa kimya. Jirani yule tulimzika kabla ya Ramadhani.

"Alileta doti mbili," mama mkwe akaendelea. "Na binti yake anaolewa mwezi ujao."

Mke wangu akainuka, akafungua kabati, ambalo hadi siku ile sikuwa nimelifuta, akatoa doti mbili mpya, akazipangusa vumbi kwa kiganja. Mimi nikaandika jina la marehemu, nikahifadhi, kisha nikanakili kwenye flashi. Faili lote halikufika hata MB moja.