Mwezi Mpevu, Kalamu Kavu

Kila nikienda Dar es Salaam naulizwa swali moja, tena kwa jicho la wivu: "Wewe una raha, ziwa liko mlangoni kwako. Ilhamu si inakufuata mpaka kitandani?" Kinachonifuata kitandani, ndugu yangu, ni mbu.

Safu hii natakiwa kuipeleka kila Alhamisi saa kumi jioni, na mhariri wangu ni mtu wa kusamehe dhambi zote isipokuwa kuchelewa. Juzi Jumatano kichwa kilikuwa kitupu kama ndoo siku ya mgao wa maji. Nikaona nifuate ushauri wa wajuzi. Nikabeba daftari, nikaenda kukaa ufukweni hapa Mwanza, mkabala na Jiwe la Bismarck, nikalitazama ziwa. Ziwa nalo likanitazama.

Zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji, na hakuna hata sentensi moja iliyoruka juu kama sato. Walioruka ni wadudu, wale wa ziwani wanaopanda kama moshi. Nikafungua kinywa niseme "lo!", nikawameza kumi. Akaja korongo, yule mwenye upara na mfuko shingoni, akasimama hatua mbili kutoka nilipo, kimya, kama mrithi anayemsubiri mgonjwa. Halafu akatokea kijana mwenye kamera: "Bosi, nikupige na jiwe?" Nikaruka. Kumbe alimaanisha picha.

Na hilo jiwe lenyewe! Bismarck alikuwa chansela wa Ujerumani, hakuwahi kukanyaga Mwanza hata kwa bahati mbaya, lakini kapewa jiwe zima. Mimi niliyezaliwa hapa sina hata kokoto.

Nikajifariji kwa Speke. Mzungu yule alitembea miezi na miezi, mwaka 1858 akalifikia ziwa hapa hapa upande wetu, na ilhamu yote iliyomshukia ikawa kulipa jina la malkia wake. Ziwa lenye majina yake tayari! Kumbe mtu anaweza kusimama mbele ya maji yote haya akakosa cha kusema.

Lakini wanaoniumiza roho hasa ni waandishi wa Ukerewe. Kisiwa chao kiko hapo tu, unapanda meli ya Nansio unafika. Aniceti Kitereza, Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, Ukerewe. Gabriel Ruhumbika, Ukerewe. Jamani, kule wanakunywa nini? Maji ni haya haya. Mimi nimeyaoga tangu utotoni, na nilichoambulia ni kichocho.

Nikarudi nyumbani kuvifukua vitabu vyao, nione machweo wameyaweka ukurasa gani. Kitereza kaandika habari za Myombekere, mume anayehangaika kumrudisha mkewe Bugonoka, aliyechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijaleta mtoto. Maana yake mzee wa watu ilhamu aliipata kwa wakwe! Wakwe ninao, tena wa kutosha. Kezilahabi naye, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, kamshika binti wa Namagondo na baba yake mkali mwenye kupenda pombe, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Mimi safu zangu hata kukatazwa hazijawahi.

Halafu nikakumbuka jambo lililonifunga mdomo. Kitereza alimaliza kuandika kisa hicho cha Myombekere kwa Kikerewe mwaka 1945, akatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki. Na mimi hapa naililia Alhamisi.

Alhamisi yenyewe ikafika, daftari jeupe. Mama watoto, asiyeamini kwamba kutazama dari ni kazi, akanipa hela na mfuko: "Nenda Mwaloni kalete dagaa."

Mwaloni Kirumba harufu inakupokea kabla ya watu. Nikamwendea mama ninayenunua kwake siku zote.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Kopo limepanda."

"Limepanda tena? Kwa nini?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye mbingu ya saa tatu asubuhi isiyo na kitu. "Mwezi, baba. Mwezi mpevu huu."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata, wavu unapanda. Sasa mbalamwezi ikimulika ziwa lote, dagaa gani ataifuata taa yako? Mitumbwi inapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapaa. "Huo mwezi mnaousifu," akasema, "sisi unatulaza njaa."

Nikashika kiuno. Miaka yote nasubiri mwezi utoke niandike, kumbe wanaolijua ziwa wanasubiri uzame! Giza likiingia ndipo wanapokwenda kazini, tena na taa ya kubeba wenyewe. Nikatoa daftari haraka.

"Unaandika nini?"

"Maneno yako, mama. Ya gazetini."

Akanitazama kwa jicho la mfanyabiashara. "Kwa hiyo dagaa unataka nikupunguzie, na maneno unachukua bure?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa bei aliyotaja, na juu yake nikaacha chenji. Nikafika nyumbani na mfuko mwepesi. Mama watoto akaupima kwa mkono.

"Hela yote ile, dagaa ndio hawa?"

"Nyingine nimenunulia ilhamu."

"Vizuri," akasema, akageukia jiko. "Dagaa hawa wanawatosha watoto. Wewe ugali wako utaulia hiyo ilhamu."