Utukufu wa Akala

Malenga wameimba jahazi, wameimba kanga, wameimba mpaka mdalasini. Kiatu kikibahatika kutiwa katika ubeti, basi ni makubadhi ya Lamu yenye nakshi. Akala, kiatu cha tairi, haijawahi kupata hata wa kuisemea kwenye matanga. Leo naisimamia mimi, mwanamke niliyekula kiapo ujanani kwamba mguu wangu na ardhi ya Nairobi havitakutana bila inchi nne za kisigino kuwasuluhisha. Mnikubali kama shahidi, maana sifa zinazotoka kwa adui hazinunuliwi.

Asifiwaye huulizwa kwanza ukoo wake. Akala ni ya ukoo wa mpira wa Amazoni, mti ambao mbegu zake Mwingereza Henry Wickham alizivusha bahari hadi London mwaka 1876, ukaja kuenea Asia. Mzee wa ukoo kwa upande wa pili ni John Boyd Dunlop wa Belfast, daktari wa mifugo, aliyekifungia kibaiskeli cha mwanawe mpira wenye upepo na kuandikisha hataza yake mwaka 1888. Nitajieni kiatu kimoja cha Milano chenye daktari wa ng'ombe katika nasaba yake.

Malezi nayo ni ya heshima. Kiatu cha mchuchumio hutoka kiwandani kikaingia kwenye boksi, kimefunikwa karatasi laini, kisijue jua wala mvua. Akala, kabla ya kuitwa akala, ilikuwa chini ya lori. Ilibeba saruji na ngano kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 480, ikaungua Mtito Andei, ikapigwa mashimo Mlolongo, ikapasuka mara moja mbili na kuzibwa. Ilipostaafu ndipo ikaletwa Kariokor kuanza kazi ya pili. Sijui watumishi wangapi wa umma wenye rekodi kama hiyo.

Soko la Kariokor lina sifa zake: viondo, viatu vya ngozi vyenye shanga, na nyama choma ambayo moshi wake humwita mtu jina. Watalii huishia hapo. Mwenye shida ya kweli huulizia mafundi wa tairi. Mimi nilipofika nilimtajia fundi namba yangu ya kiatu kwa madaha, kama ninavyowatajia wauzaji wa katikati ya jiji. Akacheka. "Namba ni ya dukani, madam. Kanyaga hapa."

Nikakanyaga kipande cha tairi. Akazungusha chaki pembeni mwa mguu wangu, akapita na kwenye kile kidole gumba kilichopinda kwa miaka ya kubanwa, bila kusema neno. Akachovya kisu kwenye kopo la maji, maana mpira mkavu hung'ang'ania kisu, kisha akakata polepole akifuata chaki. Tairi zenye nyaya za chuma ndani hazitaki: zinaharibu kisu leo na kumchoma mteja kesho. Anatafuta zile za nyuzi za nailoni. Mikanda akaitoa kwenye mpira mwembamba zaidi, akatoboa matundu kwa patasi, akaipitisha, akaigongomea misumari midogo na kuzikunja ncha zake zizame. Nikamwomba, kwa sauti ya chini, aniongezee kisigino kidogo tu. Nyundo ikasimama hewani.

"Madam, umewahi kuona lori lenye kisigino?"

Nilinyamaza, na mvua ikaja kunijibia. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, Wazungu waliweka kituo chao kwenye kinamasi, na kinamasi hakijawahi kusaini hati ya kuhama. Kila Machi hadi Mei kinarudi kudai kiwanja chake, na upande wa mashariki wa jiji kinasaidiwa na ule udongo mweusi unaong'ang'ania soli kwa upendo. Hapo ndipo hesabu ya kisigino inapojitokeza. Uzito wote wa mwanamke aliyekula vizuri umekusanywa juu ya duara lisilofikia ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na matope hayana adabu ya kukataa mzigo wa namna hiyo. Kisigino kinazama, kiatu kinabaki, mwenyewe anaendelea. Akala inaugawa uzito huo sawasawa kutoka kisigino hadi kidole, haibagui. Maji yakiingia kwa mbele, yanatokea ubavuni. Gambuti, mshindani wake wa karibu, huyapokea maji yanayopita kwa juu na kukaa nayo mpaka jioni.

Wenye viatu vizuri tulikuwa na mbinu zetu. Tulifunga mguu mzima kwenye mfuko wa plastiki tukavuka barabara tukichakacha. Mwaka 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo, wapenda mazingira walishangilia, sisi wa suede tukafiwa. Ikabidi kuvaa ndara kwenye matatu na kupakata viatu, nikaja kugundua kwamba katika safari nzima mimi ndiye niliyekuwa nikivibeba. Nilivipangusa kwa tishu, nikavilipia boda kwa umbali wa kutupa jiwe, nikavikimbiza chini ya vibaraza wingu likikohoa. Akala haijawahi kunituma popote.

Mavazi nayo yalilazimika kufuata mguu, kwa sababu akala haikubali kuvaliwa na gauni la shifoni. Nikashuka Gikomba, kwa majirani, nikachambua mitumba mpaka nikapata jaketi lililoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji, lenye mifuko mingi kuliko mali zangu, pamoja na suruali ya khaki isiyouliza umekaa wapi. Hata soksi nilivaa. Ndiyo, soksi na akala. Vijana wa kituo cha matatu, ambao zamani waliniita "mrembo", sasa wananiita "mathe" na kunipisha siti ya mbele. Naona nimepandishwa cheo.

Wapinzani watasema akala ni nzito. Ni kweli, na ndiyo maana upepo wa Julai haunipeperushi. Watasema wiki ya kwanza inatoa malengelenge. Huo ni usaili. Akala haimchukui kila mtu. Watasema inarusha matope mpaka mgongoni mwa suruali. Hiyo ni risiti, ushahidi kwamba umetoka nyumbani ukaenda kazini. Watasema inaacha alama ya gurudumu, hata anayenifuata nyuma adhani imepita pikipiki. Basi na ajihadhari. Na wakisema haina sura, nitawapeleka mlangoni mwa msikiti au kwenye nyumba ya matanga, kunakovuliwa viatu. Vile vizuri huondoka na mtu mwingine. Akala utaikuta pale pale ulipoiacha, labda imegeuzwa kidogo na mtu aliyeijaribu akajuta. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nawauliza wahenga: kiatu kisichojitembeza kina kazi gani?

Mahali penyewe inapokatwa panaidaia akala heshima. Kariokor ilisimama palipokuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, wengi wao kwa nguvu, wabebe risasi na unga kuwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji. Magari yalikuwa machache, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe, basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha mtu. Walitembea mamia ya maili, wengi miguu mitupu, funza vidoleni. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Mpagazi mmoja amesimamishwa kwa shaba kwenye Kenyatta Avenue tangu 1928, pamoja na wenzake wenye bunduki. Nikimtazama, sioni cha kumcheka fundi wa tairi. Palepale mguu wa Mwafrika ulipohesabiwa kuwa chombo cha usafiri kisichohitaji hata ngozi chini yake, wajukuu wanakata tairi la lori na kuuvisha.

Wenzetu wameshatangulia kushukuru. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ina sanamu kubwa ya ndara za plastiki walizovaa wapiganaji wa ukombozi. Wavietnam wanazienzi ndara za tairi walizovaa askari wao msituni. Nairobi imebaki nyuma, na kwa kuwa nimeshapandishwa cheo, naomba kuleta hoja. Serikali ya Kaunti isimamishe akala moja mbele ya soko la Kariokor, kimo cha ghorofa moja, mguu wa kushoto tu kwa sababu bajeti naijua. Isiwe ya shaba, kwa maana ya shaba itafika kwa wauza vyuma chakavu kabla ya siku ya uzinduzi. Ikatwe kwenye tairi. Hakuna atakayeiiba, mvua haitaiozesha, na ikichanika itapigwa msumari. Siku hiyo mgeni rasmi akikwama kwenye matope na viatu vyake vya Italia, asibebwe na walinzi. Mafundi wako hatua chache, watamkatia za kwake hapo hapo, kwa bei ya mgeni.