Ngoma Ilishapigwa, Nasubiri Nini?

Nimeambiwa nisubiri hadi Ijumaa, Julai 14, 2023. Kusubiri si jambo geni kwangu. Nimesubiri daladala kwenye mvua ya masika, nimesubiri mshahara wa mwezi wenye siku arobaini, nimemsubiri na fundi seremala aliyeniapia "kesho asubuhi, mzee wangu". Lakini fundi ana la kusema: mbao hazijakauka, msaidizi kafiwa. Hawa wa New York wana udhuru gani? Kitu ninachokisubiri kilikamilika Agosti 1961. Wanamuziki walipiga, watu wakashangilia, mhudumu akafuta meza, taa zikazimwa. Hakuna mbao inayokaushwa.

Nazungumzia kanda ya John Coltrane na Eric Dolphy, waliopiga pamoja mwezi ule katika klabu ya Village Gate, pale Greenwich Village. Kampuni ya Impulse! imetangaza kwamba inatoa dakika 80 za shughuli hiyo, nyimbo tano. Mmoja wametuonjesha, kisha wakafunga mlango. Tangu hapo nimeusikiliza huo mmoja mpaka mwanangu wa mwisho, ambaye hata chekechea hajaanza, anaitikia saksafoni akiwa kwenye beseni la kuogea.

Kinachonipandisha presha zaidi ni habari za "kupatikana". Kanda zilipatikana wapi? Maktaba. Ndiyo, Maktaba ya Umma ya New York, tawi la sanaa za jukwaani, mahali penye makabati, namba, na watu wanaolipwa ili wajue kilichomo kwenye makabati. Na aliyezikuta wala hakuwa akizitafuta. Alikuwa mtunza kumbukumbu za Bob Dylan, anapekua mambo ya Dylan. Maana kijana aliyerekodi pale Village Gate, fundi mitambo Rich Alderson, baadaye alifanya kazi na Dylan, na maboksi yao yakawa majirani. Yaani Coltrane kaokotwa njiani na mtu aliyekuwa anakwenda kwa Dylan.

Nilimsimulia mke wangu kisa hiki nikitarajia ashangae. Hakushangaa. Amekaa na mimi miaka mingi, na msimamo wake kuhusu miwani yangu, chaja yangu na kitambulisho changu cha mpiga kura ni ule ule: hakijapotea, wewe hujatazama.

Nasikitika kusema historia iko upande wake. Mwaka 2005, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, zilikutwa kanda ambazo Sauti ya Amerika ilirekodi Carnegie Hall usiku wa Novemba 29, 1957. Nyuma ya boksi moja palikuwa pameandikwa kwa mkono "T. Monk". Huyo ni Thelonious Monk, na kwenye saksafoni yuko Coltrane huyu huyu. Wapenzi wa jazi walilililia kundi lile karibu nusu karne kwa sababu kanda zake zilikuwa za kuhesabu, na wakati wote huo jina liko nyuma ya boksi, linasomeka.

Angalau Charles Mingus alifichwa kwa makusudi. Yeye alirekodiwa Ronnie Scott's, London, Agosti 1972, na vyombo vya maana kabisa ili itoke albamu. Mwaka uliofuata kampuni ya Columbia ikaachana na wanajazi wake, Mingus akiwemo, na kanda zikakaa hadi 2022. Hapo naelewa. Ubahili naufahamu, hata kwangu upo. Kusahau kitu chenye lebo ndiko kunakonishinda.

Jumapili akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mtu wa dansi tangu ujana wake Morogoro. Akanikuta nimevaa visikilizio, akauliza nasikiliza nini. Nikasema jazi.

"Jazi ipi, shemeji? Western? Kilwa? Au ndiyo Morogoro yenyewe?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa heshima, maana chakula kilikuwa bado jikoni. Kisha akaanza kuhoji.

"Gitaa la solo anapiga nani?"

Hakuna gitaa.

"La rithimu?"

Hakuna.

"Mwimbaji?"

Hakuna mwimbaji, shemeji.

"Sasa hiyo ni jazi, au ni bendi iliyokimbiwa na wanamuziki wake?"

Nilijitetea kwamba Dolphy anapiga saksafoni, filimbi na klarineti ya besi, mtu mmoja vyombo vitatu. Akasema hapo ndipo anapopata uhakika kwamba wenzake walikimbia.

Lakini baada ya kula alisema neno ambalo bado linanisumbua. Aliuliza: "Na za RTD je?" Akajibu mwenyewe, kama kawaida yake. Bendi zetu zilirekodi nyimbo zake kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Bendi ilipanda basi kutoka Tabora au Tanga na magitaa yake, ikaingia studio, ikatoka, ikarudi kwao. Nyimbo zikabaki kwenye kanda kubwa za mviringo ndani ya makabati. Baadhi tumezipata kwenye kaseti, baadhi tunazisikia kwenye vipindi vya zilipendwa, na kuna zile ambazo watu wa umri wa shemeji wanazikumbuka kwa mdomo tu, wanakuimbia ubeti mmoja halafu wanagombana kuhusu wa pili. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na shemeji anaapa kuna solo zake alizozisikia redioni akiwa kijana na hajazisikia tena.

"Hao wenzako," akasema, "wanafurahia kabati la New York. Hili letu nani kalifungua lote?"

Sikuwa na jibu, nikapendekeza tumtume yule mtunza kumbukumbu wa Dylan. Aje Barabara ya Pugu, aambiwe Dylan yumo humo ndani, aanze kumtafuta.

Turudi kwa Alderson, maana naye ana kesi. Inasemekana alirekodi kanda hizo ili kuupima mtambo mpya wa sauti wa klabu. Hakuna aliyekuwa anatufikiria sisi. Kilikuwa ni kipimo cha spika, na Coltrane ndiye aliyetumika kusema "hello, hello, moja, mbili". Na alitumia kipaza sauti kimoja tu, kimening'inizwa juu. Kimoja! Chini yake kuna saksafoni mbili, piano ya McCoy Tyner, besi ya Reggie Workman, na Elvin Jones, mtu aliyezidai dramu deni la baba yake. Piga hesabu mwenyewe nani atasikika zaidi. Kwenye kile kipande cha kuonja mpiga besi anasikika kwa mbali, kwa adabu, anabisha hodi. Nami sina kinyongo. Ningependa tu kujua kwa nini kijana wa 1961, kwa kipaza sauti kimoja, alinasa usiku mzima wenye joto la watu na moshi wa sigara, ilhali video ya send-off ya mpwa wangu, iliyopigwa na wataalamu watatu wenye vesti za mifuko mingi, haina sauti ya baba mzazi.

Kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa jazi halinisaidii. Tayari limegawanyika kuhusu albamu ambayo hakuna aliyeisikia. Mmoja anasema haiwezi kufikia zile kanda za Village Vanguard za Novemba mwaka ule ule. Mwingine anasema imezipita mbali. Wa tatu ameandika uhakiki mzima, na aya ya mwisho inalalamikia jalada. Novemba 1961 mhakiki John Tynan wa jarida la Down Beat aliwashutumu Coltrane na Dolphy kwamba wanapiga kitu kinachoipinga jazi yenyewe. Tumemsema sana Tynan kwenye kundi lile. Lakini Tynan angalau alikwenda akakaa kwenye kiti akawasikiliza.

Mimi mwenyewe nina hoja moja tu kwa Impulse!, na naiona nzito. Kati ya nyimbo tano, mmoja unaitwa "Africa", na hii ndiyo kanda pekee inayojulikana ya wimbo huo nje ya studio. Agosti 1961, ndugu zangu. Tanganyika ina madaraka ya ndani tangu Mei, Mwalimu ni Waziri Mkuu, watu wanahesabu siku kufikia Desemba 9, na huko New York jamaa wamekaa jukwaani wanapiga "Africa". Na haikuwa mara ya kwanza Coltrane kupita mitaa yetu: mwaka 1958 alirekodi na Wilbur Harden wimbo uitwao "Tanganyika Strut". Mtu ametumia jina la nchi yetu kabla hata bendera haijashonwa! Kwa haki kabisa sisi tungepelekewa mapema, wiki mbili hivi kabla ya wengine, tusikilize, turudishe vyombo. Badala yake tumepangwa foleni moja na Waholanzi.

Foleni yenyewe haieleweki. Albamu inatoka saa sita usiku, lakini ya wapi? Ikiwa ni saa sita usiku ya New York, hapa Dar es Salaam itakuwa saa moja asubuhi, muda ambao jirani yangu huamsha mtaa kwa singeli ili, kwa maelezo yake, apate nguvu ya kupiga mswaki. Ikiwa ni saa sita ya hapa, itabidi nikeshe, na mke wangu ameshanitahadharisha kuhusu kukesha na watu waliokufa.

"Hivi wamekufa wote, Baba Asha?"

Nikamwambia karibu wote. Dolphy alifia Berlin mwaka 1964, ana miaka 36. Coltrane alifuata 1967, ana miaka 40. Elvin Jones 2004, Tyner 2020. Aliyebaki ni Workman wa besi, mzee wa zaidi ya miaka themanini.

"Basi mpigie huyo Workman akusimulie, ulale."

Lililo baya zaidi ni kwamba Ijumaa hiyo hiyo jioni pana kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu, na mimi ni mweka hazina. Kikao kimehamishiwa sebuleni kwangu, kwenye spika zangu. Nilipoomba udhuru, mwenyekiti akaniuliza nina shughuli gani, nikafanya kosa la kumwambia ukweli. Akafurahi. Akasema, kumbe ni mtu wa muziki, basi na wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini autafute yeye.

Nimekubali, na jina nimeshalipeleka: "Africa", Coltrane na Dolphy, wapiga besi wawili maana Art Davis ameongezeka. Katibu ameandika kwenye muhtasari, kisha akauliza kwa wasiwasi wimbo una urefu gani. Nikamwambia dakika 22. Wajumbe wakacheka, isipokuwa mama mlezi, aliyewahi kusindikiza maharusi wa ukoo huu. Yeye akauliza kama hakuna mrefu zaidi.