Mheshimiwa Waziri, mbegu ya asili nayo ipewe nafasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Dodoma.

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, mimi mkulima wa jembe la mkono nisiye na cheo. Nimethubutu kwa kuwa wewe ndiye mlezi wetu, na jambo lenyewe ni mbegu.

Vijijini kwetu, mavuno yakishaingia, mama wa nyumba huchagua mahindi yaliyojaa vizuri na kuyatundika juu ya meko, yapate moshi, fukusi wasiyasogelee. Maharage huyachanganya na majivu, akayatia kibuyuni. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyumba hiyo haingoji ruzuku wala gari la pembejeo, na haikopi. Jirani aliyepungukiwa hupewa kibaba, atarudisha akivuna. Mheshimiwa, sijaona uhuru wa mkulima unaoupita huu wa kupanda siku ardhi inapomwita.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa. Sababu tunaielewa na tunaishukuru Serikali, maana mbegu feki zimewaumiza wengi. Utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora nao umemfungulia mlango mkulima mdogo, ila kwa aina zilizosajiliwa. Bibi akipeleka mbegu yake ya asili gulioni, sheria haimtambui.

Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na UPOV, mkataba unaompa mgunduzi wa aina mpya ya mmea haki kwa muda usiopungua miaka 20. Mtafiti anastahili jasho lake. Watafiti wa vituo vya Uyole na Selian wametufaa sana, na mahindi chotara tutaendelea kuyanunua. Lakini mbegu ya chotara ukiirudisha shambani haizai kama mwanzo, kwa hiyo kila msimu ni dukani. Asiye na mbegu nyingine nyumbani, bei ikipanda atashika wapi?

Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kujitegemea. Arusha hukohuko ipo benki ya taifa ya nasaba za mimea, ambako Serikali inazihifadhi mbegu hizihizi za asili. Kwa unyenyekevu naona kwamba zikistahili kuhifadhiwa na taifa, zinastahili pia kuuzwa na aliyezilea. Kwa jirani zetu Kenya, wakulima 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vilivyowazuia kubadilishana na kuuza mbegu zao. Sisi hatutaki kufika mahakamani, Mheshimiwa. Tunakuja kwako.

Tunaomba kifungu kinachotamka wazi kwamba mkulima mdogo ana ruhusa ya kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu za asili bila leseni, na wataalamu wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, waje kutufundisha namna ya kuzichagua na kuzikausha. Ukituridhia, tutakuletea mbegu hizo kwenye maonyesho ya Nane Nane, na kina mama waliozitunza watakueleza wenyewe mtama upi ndege hawaugusi na maharage gani huwahi kuiva mvua zikikatika.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima mdogo