Tumsifu Kutu wa Ati

Wapo wanaosifu injini, wapo wanaosifu dereva. Mimi leo nasimama kumsifu Kutu. Sisemi kutu wa mabati, yule hohehahe. Namsema anayekaa chini ya boliti ya ati, pale waya mnene wa betri unapofungwa kwenye chesisi ya lori kuukuu la dizeli. Jamaa zake wanaonenepa zaidi wako kwenye malori ya chumvi ya Uvinza na Gongoni, ambako hulishwa bila kuomba.

Kwanza, ni mpole. Fyuzi ana kiherehere: akizidiwa anaungua, na kila mtu anajua pa kuanzia. Kutu hupitisha umeme kidogo na kubana ulio mwingi. Fundi akigusisha testa, taa inawaka. Basi anaridhika, anakwenda kumsulubu altaneta. Altaneta anafunguliwa, anatiwa kaboni mpya, anafungwa, na asubuhi selfu inalia tik, kimya. Inafuata katauti. Zinafuata betri zenyewe, tena zote mbili, maana kwenye lori la volti 24 betri mpya haiozeshwi kwa kizee. Mwenye lori anatoa pesa, Kutu anatazama.

Ustadi wake mkubwa, ambao wengi hawamhesabii, ni kumdanganya altaneta. Mwenye katauti ya ndani hujipima mwilini mwake mwenyewe. Akiona volti 28, anaamini kazi imekamilika. Hajui kwamba mbili zimekwama kwa Kutu kama ushuru wa kizuizini, na betri zimeambulia 26. Kwa 26 hazifi, lakini hazishibi.

Mnasema analeta hasara. Nani basi aliyewafundisha madereva jiografia? Mwenye gari zima hulaza popote. Dereva wa Kutu anajua kila mteremko kati ya Makambako na Songea, na upande gani lori lielekezwe usiku. Pampu yake ya dizeli ni ya kizamani, injini inazimwa kwa kebo, haidai umeme: anaachia breki, gia ya pili, anaachia klachi, safari. (Mradi breki zisiwe za upepo, hizo upepo ukiisha usiku hazikuachii, hata ulale juu ya mlima.) Na kwenye tambarare? Huko utingo anaita vijana wa kusukuma, wanapata ya chai. Chama gani kimewaajiri wengi hivyo bila mkutano wa hadhara?

Adui yake ni fundi mwenye mita na subira. Huyo huacha injini iungurume, akawasha taa zote, akaweka ncha moja kwenye ganda la altaneta na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Mita ikisoma chini ya robo ya volti, mwenyewe hayupo. Ikisoma moja au mbili, shikamoo mzee, tumekukuta.

Hapo ni spana, msasa, chuma kinang'aa, boliti inakazwa, grisi juu. Kazi imekwisha, na ndipo fundi anapata taabu yake, maana atamdaije pesa ya msasa mtu aliyekwisha nunua betri mbili na kaboni za altaneta? Anajikuna, anainama tena kwenye injini, kisha anasema mkanda wa feni nao, bosi, naona umechoka.